Wimbo wa Firigisi

Kabla dunia haijausikia wimbo wa "Mahali Pako", Ignatius Shitanda alikuwa ameshaufikisha sokoni Matete, kwenye kinu cha kusagia mahindi, kwa fundi wa baiskeli na mara mbili kanisani. Mitchel, binti yake, alikuwa mwimbaji, tena si wa kwaya tu. Vijana wa mji wa Kakamega walimpigia mayowe akipita, na picha yake ilikuwa imebandikwa kwenye kuta za saluni. Alikuwa amemaliza kurekodi albamu yake ya kwanza, akamwekea baba yake nyimbo mbili kwenye simu ili azionje kabla ya watu wengine. Wa kwanza, "Mahali Pako", Shitanda aliusikiliza hadi mwisho, akaurudia, kisha akaufanya mlio wa simu. Wa pili alisema atausikiliza jioni, na jioni hiyo haikufika.

Ulikuwa wimbo mtamu kweli, wa gitaa laini na mapenzi yasiyo na madoa. Shida ilikuwa ulimi wa mzee. Kama wengi wa kwao, Shitanda aliziachia l na r zibadilishane viti zitakavyo. "Binti yangu anatoa wimbo," aliwatangazia watu pale kinuni, "unaitwa Mahari Pako. Mtausikia kwa ledio." Wazee wakatazamana. Mmoja akamvuta kando na kumuuliza kwa upole kama msichana ameshapata mtu, na kama ng'ombe wanaotakiwa ni wa kienyeji au wa gredi. Shitanda akacheka, akaeleza, akalitamka neno lile lile vile vile, na mzee akaenda zake akiwa na hakika kuliko mwanzo.

Msimwone hivyo mkadhani ni mtu wa mchezo. Alikuwa amestaafu kazi ya mizani katika kiwanda cha sukari, na sasa kanisani kwao ndiye aliyefundisha wachumba. Hakuna aliyefunga ndoa pale bila kukaa kwenye benchi la Shitanda siku ya Jumamosi, asikilize somo la subira, somo la msamaha, na somo refu kuliko yote, la mume kutomwaibisha mkewe mbele ya watu. Somo hili la mwisho alilifundisha kwa uchungu hata mabibi harusi wakatoa leso. Heshima yake yote mjini ilikalia benchi lile.

Basi asubuhi moja akaja Bramwel, kijana aliyesimamia kazi za Mitchel. Suruali yake ilikuwa imembana hivi kwamba ilimbidi aketi kwa awamu.

"Mzee, nisaidie," alisema alipofika chini. "Msichana wako amekataa."

"Amekataa nini?"

"Amekataa tuanze na Mahali Pako. Unajua mzee, wimbo wa kutangulia ndio unabebanga albamu. Ukishika, zingine zinafuata. Ukianguka, hata ziwe tamu namna gani hakuna mtu atazisikiza. Watu wa redio wameshasema wanataka Mahali Pako. Hata soja wa pale getini anauimba. Sasa yeye anataka kuanza na kuku."

"Kuku gani?"

Bramwel akatoa simu, akaubonyeza ule wimbo wa pili. Kwanza ilisikika ngoma ya isukuti, halafu manyoya yakinyonyolewa, halafu kuku mwenyewe akilalamika kwa mbali. Kisha sauti ya Mitchel ikaja, haiimbi sana bali inauliza, kama mtu aliyesimama kwenye mlango wa jikoni na mikono kiunoni: nani, nani, nani alikula firigisi?

"Dakika tano nzima," Bramwel alisema kwa huzuni. "Hakuna mapenzi. Hakuna mahali watu wataitikia. Mzee, redio haichezangi kuku."

Ubeti wa kwanza ulieleza wageni walionawa mikono, sahani ikafika, mwenye nyumba akapekua kwa kijiko. Mapaja yapo, kidari kipo, firigisi haipo. Kikombe cha Shitanda kikasimama njiani kuelekea mdomoni. Katika ubeti wa pili watu wa nyumbani walipangwa mstari mmoja, shemeji, jirani na mtoto wa jirani, kila mmoja akaapa kwa jina la marehemu tofauti. Ngoma ikaanza kupanda kuelekea ubeti wa tatu.

"Zima," Shitanda alisema.

"Huu unaokuja, mzee, huu ndio—"

"Nimesema zima."

Asiyejua mambo ya huku ataona mzee amechanganyikiwa. Lakini katika boma la Mluhya kuku si chakula tu. Kila kipande kina mwenyewe, na firigisi, ambayo wao huiita imondo, ni ya mwenye boma. Mke akiileta mezani amesema bila kufungua mdomo kwamba huyu ndiye mume wangu. Isipofika, amesema jambo jingine, na wageni wote wamelisikia.

Shitanda aliwahi kuambiwa hilo jambo jingine. Alikuwa kijana, anaishi kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda, na alikuwa ametoka tu kumwoa Jerotich, msichana wa Kinandi ambaye baba yake alilima mahindi kule Chekalini. Akamwalika msimamizi wake kwa chakula. Kuku akaja ndani ya mchuzi wake, Shitanda akapekua, akapekua tena, akapekua hadi mchuzi ukamwagikia kitambaa. Msimamizi alikohoa akasema hata kidari kinatosha, na huruma hiyo ilimuuma kijana kuliko tusi. Wageni walipoondoka alimwambia mkewe, majirani wakisikia, afunge sanduku aende kwao akafundishwe kupika kuku. Jerotich alifunga sanduku akaenda.

Alirudi baada ya majuma kadhaa, na jambo lile likazikwa bila matanga. Baadaye wakahamia Matete, mahali ambapo hakuna aliyewahi kusikia habari zake. Shitanda akawa mwalimu wa wachumba. Na sasa mtoto wake wa kuzaa alitaka kulifukua kaburi kwa ngoma, kaunti nzima ikicheza. Ubeti wa tatu hakuhitaji kuusikia. Aliuona: mwanamke yuko barabarani na sanduku.

"Bramwel," alisema, "wimbo huo usitoke. Mimi niko upande wako."

Bramwel, ambaye alikuja akitarajia kubembeleza hadi saa sita, aliinuka kwa awamu akashukuru.

Jumapili Mitchel alikuja nyumbani baada ya ibada. Shitanda akamngoja Jerotich aingie jikoni, ndipo akasogeza kiti.

"Mitchel, hiyo yako ya Mahari ni tamu sana."

"Mahali, Baba."

"Hiyo hiyo. Kwa nini usiitangulize?"

"Kwa sababu mtu yeyote anaweza kuiimba," Mitchel alisema. Ilionekana alikuwa ameshalijibu swali hili kwa watu wengi. "Wimbo kama huo uko redioni kila saa, Baba, jina tu ndilo linabadilika. Wataupenda leo, kesho hawakumbuki ni nani aliuimba. Lakini nani mwingine ataimba imondo? Nikianza na mapenzi watataka mapenzi mpaka nizeeke. Nikianza na firigisi, mwenye kuja atakuwa amekuja kwangu."

Yalikuwa maneno ya mtu mwenye akili, na Shitanda, kwa bahati mbaya yake, alijivunia binti yake wakati ule ule alipotamani apoteze sauti.

"Mambo ya nyumbani hayapelekwangi kwa ledio," alisema.

"Si ni hadithi tu?"

"Nani alikuhadithia?"

"Kukhu."

Kukhu ni nyanya, yaani mama yake Shitanda, ambaye sasa ni marehemu. Lakini kwa jinsi mzee alivyokuwa amevurugika, kwa kitambo kidogo alidhani ni kuku mwenyewe aliyefufuka akatoa ushahidi.

"Na huo ubeti wa tatu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Uso wa Mitchel ukang'aa. "Umeupenda? Huo ndio kila mtu studio alianguka chini. Watu watacheka mpaka walie, Baba."

Shitanda alimtazama akajiuliza amelea mtoto wa namna gani, anayechekelea mamake kufukuzwa. Swali moja tu lingemtoa kwenye shimo. Angesema, hebu niambie kuna nini ndani ya huo ubeti, na mambo yangeishia hapo, wakala obusuma, ugali wao, kwa amani. Lakini mwenye kuficha jambo haulizi, maana huogopa jibu litamtaja jina. Akanyamaza, na Mitchel akachukulia kimya kile kuwa baraka.

Siku ya kuutoa wimbo ilikuwa Ijumaa. Redio ilikuwa dirishani, Jerotich ameketi nje na ungo wa maharagwe, na Shitanda anatia mpini kwenye jembe ambalo mpini wake haukuwa na kasoro. Mtangazaji, msichana mwenye maneno aitwaye Beverly, alikuwa na Mitchel hapo hapo studio mjini Kakamega.

"Sisi wote tulitegemea Mahali Pako," Beverly alisema. "Mitchel ametuletea kitu kingine. Mimi sitasema kitu. Sikizeni wenyewe."

Ngoma ikapiga, manyoya yakanyonyolewa, kuku akalalamika. Ng'ambo ya ua majirani walianza kucheka kwenye ubeti wa kwanza. Kufikia wa pili walikuwa wanaapa pamoja na watuhumiwa. Shitanda hakuwatazama. Alikuwa akimtazama mkewe, na aliona mkono wake umetulia juu ya maharagwe, hauchambui tena.

Hapo moyo ukamshinda. Alitupa jembe akakimbilia nyuma ya ghala na simu mkononi. Nambari ya redio alikuwa nayo, kwa sababu majuma yale yote alikuwa akiwapigia kuulizia "Mahari Pako", na siku zote hizo hakuna aliyewahi kuishika simu yake. Leo waliishika mara moja. Wimbo ukapunguzwa sauti ngoma ikiwa ndiyo kwanza inapanda.

"Tuna simu hapa. Nani mwenzangu na unapiga kutoka wapi?"

"Ni baba yake Mitchel. Niko Matete."

Beverly alifurahi kupita kiasi. Akamkaribisha, akampongeza, akamuuliza anajisikiaje.

"Nataka kusema neno kabla ya huo ubeti wa tatu," Shitanda alisema, na kwa kuwa alikuwa amelizoea benchi lake alianza taratibu, kwa sauti ya somo. "Watu wasielewe vibaya. Mimi sikumfukuza mama yake. Kufukuza ni kitu ingine. Nilimwambia tu aende kwao Chekalini akafundishwe kupika kuku. Hata sanduku lilikuwa ndogo. Mtu akifukuzwa anabebanga kila kitu."

Studio wakauzima wimbo kabisa. Ng'ambo ya ua mtu akaongeza sauti ya redio.

"Baba," sauti ya Mitchel ikaja kwenye simu, na muda mfupi baadaye ikaja tena kutoka dirishani na kutoka kwa majirani. "Ulimrudisha Mama Chekalini? Juu ya firigisi?"

"Si umeimba?"

"Sijaimba hivyo."

"Ubeti wa tatu."

"Ubeti wa tatu ni paka, Baba."

"Paka?"

"Kukhu aliniambia ni paka ndiye aliikula. Ubeti wote ni paka. Anakimbia nayo mpaka ndani ya miwa, watu wanamfuata na rungu."

Ng'ambo ya ua mtu mmoja alijitahidi kuzuia kicheko, akashindwa, na wengine wakamfuata. Mdomo huponza kichwa. Alikuwa amewaambia wachumba methali hiyo mara nyingi, na sasa wachumba wote aliowahi kuwafundisha, kuanzia Matete hadi Buyangu, walikuwa wamesimama mbele ya redio zao wakijua lile ambalo yeye peke yake alikuwa na kazi ya kulificha. Aliona aibu mpaka masikio yakamwasha.

Alipogeuka, Jerotich alikuwa nyuma yake, ungo kiunoni. Alinyoosha mkono. Shitanda akampa simu.

"Beverly, hujambo mama," alisema. "Mimi ni mamake Mitchel. Hakukuwa na paka. Hatukuwa tunafuga paka. Mama mkwe wangu alisema ni paka kwa sababu alikuwa mtu mzuri. Ni mimi nilikula."

Beverly, ambaye alilipwa ili asikose neno, alikosa neno.

"Mitchel, nilikuwa na mimba yako," Jerotich aliendelea bila haraka. "Hakuna mtu alikuwa anajua, hata huyu baba yako. Chakula kilikuwa kinanikataa, kila kitu nikiweka mdomoni kinarudi. Siku hiyo nikafunua sufuria, hiyo firigisi ikaniangalia. Nikaila nikiwa nimesimama. Ndio kitu ya kwanza tumbo lilikubali. Na kwetu hakuna mtu alikuwa ameniambia iko na mwenyewe. Sisi tulijua ng'ombe."

"Kwa hivyo," Mitchel alisema, na sauti yake ikawa kama inacheka huku inalia, "kwa hivyo ni mimi nilikula."

"Ni wewe. Na ulikula yote. Haya, endeleeni na muziki. Hii ingine si ya kaunti."

Akakata simu. Kule dirishani ngoma ikarudi, na ubeti wa tatu ukapigwa hatimaye, paka asiye na hatia akikimbia miwani na kijiji kizima nyuma yake. Watu walicheka maradufu kwa kuwa sasa walijua anaonewa. Simu ikatetemeka. Jerotich aliutazama ujumbe akausoma kwa sauti. Ulitoka kwa Bramwel: *Mzee umeua. Simu zimejaa wanaitisha kuku. Mahali Pako hakuna mtu anauliza.* Akaitia simu kwenye mfuko wa aproni.

"Nisamehe," Shitanda alisema upesi upesi.

"Hivyo ndivyo unafundishanga Jumamosi?"

Kuku wawili walipita kati yao wakidonoa maharagwe yaliyoanguka kutoka kwenye ungo.

"Mimi sikulia juu ya kuku," Jerotich alisema. "Baba yangu alikuwa anacheka, anasema hakuna mtu anaweza acha bibi juu ya tumbo la kuku, nikae tu nitaona. Mimi nikakaa kwa dirisha nikiangalia barabara. Nilidhani hutakuja."

"Nilikuja."

"Ulikuja na mama yako. Ukasimama kwa geti na baiskeli. Ni yeye aliongea."

Ilikuwa kweli tupu. Alisimama pale getini Chekalini akiyakazia macho mahindi ya mkwewe, huku mama yake akiingia ndani kuomba radhi kwa niaba ya mwanamume mzima. Alimpenda Jerotich. Majuma yale bila yeye alikuwa amepima miwa kombo hadi msimamizi akampa likizo. Lakini mdomo haukufunguka siku ile, wala kesho yake, na baadaye ikawa rahisi kuwafundisha watu wengine. Kila alilowaambia wachumba kwenye lile benchi lilikuwa neno alilotaka kumwambia mkewe getini akashindwa.

"Leo mama yako hayuko," Jerotich alisema. "Ongea."

Shitanda alivua kofia. Hakumwita Mama Mitchel.

"Jerotich. Nilikosea. Nilikuaibisha majirani wakisikia. Uliondoka na mtoto wangu tumboni, na mimi nikabaki nikiwaza kuku. Halafu nikakuja kukuchukua na sikusema kitu. Nilikuwa naogopa utakataa. Nisamehe. Ilikuwa ni filigisi tu."

Jerotich alimtazama. Macho yake yalikuwa na maji, lakini pembe za mdomo zilianza kumsaliti.

"Haikuwa firigisi tu," alisema. "Ilikuwa tamu sana, Baba Mitchel. Mpaka leo sijaonja kitu tamu hivyo."

Kicheko kilimtoka, kikamtikisa na ungo wake, maharagwe yakamwagika na kuku wakaja mbio. Shitanda naye alicheka, akajifuta macho kwa kofia, akainama kuokota. Akiwa huko chini, kwa unyenyekevu wote, aliuliza:

"Na hukufikiria kuniachia hata nusu?"

"Nilifikiria," Jerotich alisema. "Nikiwa namaliza."